Unguja hadi London kwa ndege: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu masafa na muda wa safari

Kazi yangu ni kukata tiketi mjini Unguja, na wateja wangu wengi wana mtu wao London: mtoto anayesoma, dada aliyeolewa huko, ami aliyeondoka ujana wake na sasa anataka kuja kuoza binti yake. Maswali yao yanafanana. Nimeyaandika pamoja na majibu yake kwa sababu dukani simu inalia, watu wanasubiri, na mteja huondoka na nusu ya jibu. Nusu ya jibu ndiyo inayomkosesha mtu ndege.

Kutoka Unguja hadi London ni kilomita ngapi?

Kwa mstari ulionyooka juu ya ardhi, kutoka Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Abeid Amani Karume hadi Heathrow, kiwanja kikubwa cha London, ni kilomita 7,440 hivi. Kwa maili za nchi kavu ni kama 4,620, na kwa maili za baharini, ambazo marubani na manahodha wote huzitumia, ni kama 4,020.

Mbona kila mtandao unatoa namba yake?

Mmoja unapima kutoka Mji Mkongwe hadi katikati ya London, mwengine kutoka kiwanja hadi kiwanja, na London ina viwanja kadhaa. Tofauti ya kilomita kumi au ishirini isikushughulishe. Lakini ukiona namba imezidi kwa mia kadhaa, basi wamekupimia njia ya kupitia mji mwengine.

Huo mstari ulionyooka unapita wapi?

Swali hili niliulizwa na kijana wa skuli aliyemsindikiza mama yake, na sikuwa na jibu. Juu ya kabati yangu kuna tufe la plastiki la dunia. Nikamwomba fundi cherehani wa mlango wa pili kipande cha uzi, kijana akashika ncha moja pale Unguja kwa kidole gumba, mimi nikaivuta ncha nyengine hadi London, tukaukaza mpaka ukalala wenyewe juu ya tufe. Uzi ukapita juu ya Nairobi. Haukupita jirani na Nairobi, ulipita juu yake hasa. Kijana akaulegeza akaukaza tena, matokeo yakawa yale yale.

Baadaye nikapiga hesabu. Unguja hadi Nairobi ni kilomita 600 hivi, na Nairobi hadi Heathrow ni kama 6,840. Zijumlishe: unapata zile zile 7,440. Aliyesema kwamba kupitia Nairobi ni kuzunguka hajawahi kukaza uzi.

Ukitoka Nairobi uzi unaendelea kaskazini-magharibi: unavuka Sudan Kusini, Sudan, jangwa la Libya, unaingia Bahari ya Kati, unaigusa Italia karibu na Genoa, unapanda milima ya Alpi, unakatisha Ufaransa na kuishia London. Kwenye ramani ya ukutani mstari huo utauona umepinda kwa sababu dunia ni ya mviringo na karatasi ni bapa. Ukitaka kujua masafa ya kweli, tumia tufe.

Ndege hufuata mstari huo?

Kwa ukaribu tu. Tazama nchi nilizozitaja. Anga ya Sudan ilifungwa kwa ndege za abiria vita vilipozuka tarehe 15 Aprili 2023, na mashirika mengi yamekuwa yakiikwepa Libya kwa miaka. Nchi mbili hizo ndizo zilizolala katikati ya njia. Kwa hiyo rubani anayetoka Nairobi au Addis Ababa kwenda Ulaya hulazimika kuzipita pembeni, na kilomita zinaongezeka. Ndiyo maana mteja aliyesafiri miaka ya nyuma ananiambia, "Mbona safari hii tumekaa sana hewani?" Hakosei.

Zipo pia sababu ndogo ndogo: mvua za radi zinazokwepwa, foleni ya kutua Heathrow ambako ndege huzungushwa angani dakika kumi au ishirini ikisubiri zamu, na upepo.

Ikiruka moja kwa moja bila kutua itachukua muda gani?

Saa tisa na kitu. Hesabu yake ni nyepesi na unaweza kuitumia kwa mji wowote. Ndege kubwa ya abiria ikishatulia juu, kimo cha kilomita 10 hadi 12, hukimbia karibu kilomita 900 kwa saa. Lakini haianzi na mwendo huo wala haimalizi nao. Basi chukua masafa, gawa kwa 850, kisha ongeza nusu saa ya kupanda na kushuka. Kilomita 7,440 kwa 850 unapata saa 8 na dakika 45. Ongeza nusu saa, ni saa 9 na robo. Ongeza mzunguko wa kukwepa anga zilizofungwa, na upepo wa mbele, utakaribia saa 10.

Iko ndege ya moja kwa moja?

Mteja wangu wa kawaida hupitia mji wa kati. Ndege za kukodi za watalii huja Unguja kutoka miji ya Ulaya kwa msimu, lakini hizo zimepangwa kwa ajili ya mgeni anayekuja wiki moja au mbili pwani, si kwa mtu anayekwenda kumwangalia mwanawe na kukaa miezi mitatu. Ratiba hubadilika, kwa hiyo uliza wakati unapokata.

Basi nipitie wapi: Nairobi, Addis Ababa, Istanbul, Doha au Dubai?

Hapa ndipo watu wanapopoteza saa zao, kwa hiyo nitalieleza kwa urefu.

Kupitia Nairobi huongezi kilomita, kama ulivyoona kwenye uzi. Unaruka saa moja na kitu, unashuka, kisha unapanda ndege ya saa tisa hivi hadi Heathrow. Kasoro yake ni kwamba mguu wa pili ni mrefu, na mzee mwenye magoti mabovu anaumia kukaa saa tisa mfululizo.

Addis Ababa ni kilomita 1,690 kutoka Unguja, na kutoka hapo hadi London ni 5,920. Jumla 7,610, umeongeza kilomita 170 tu, ambazo kwa ndege ni dakika kumi na mbili. Mguu wa kwanza ni saa mbili na nusu, wa pili ni saa saba na nusu hadi nane. Mjue pia kwamba Addis Ababa iko juu, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Usiku kuna baridi. Mama wa Kiunguja aliyetoka kwake na baibui jepesi atatetemeka kwenye ukumbi wa kusubiri, kwa hiyo shali iwe mkononi, isiwe ndani ya sanduku.

Istanbul: kilomita 5,390 kisha 2,490, jumla 7,880. Umezidisha 440. Saa saba hivi kwanza, kisha nne. Mimi huipenda njia hii kwa wazee, kwa sababu kazi kubwa inamalizika mwanzo na mguu wa mwisho ni mwepesi.

Doha ni kilomita 3,750 kutoka kwetu, na 5,240 zaidi hadi London. Jumla 8,990. Yaani umekwenda mashariki kidogo, ukarudi magharibi, ukaongeza kilomita 1,550. Dubai ni zaidi ya hapo, inakaribia 9,400. Kwa saa za hewani unaongeza mbili, pengine zaidi. Si njia mbaya. Mara nyingi bei yake ni nafuu na viwanja vyake vina nafasi ya kupumzika, ya kusalia na ya kuoga. Lakini mtu asikwambie kwamba ni njia fupi.

Na sasa jambo lenyewe. Tofauti ya kilomita kati ya njia hizi haizidi saa mbili au tatu. Tofauti ya kusubiri inaweza kuwa saa kumi na mbili. Nimeona watu wakilipa zaidi kwa "njia fupi", kisha wakakaa kwenye kiti cha chuma tangu magharibi hadi adhuhuri ya siku ya pili. Ukipewa tiketi mbili, usiulize kwanza ndege inapita wapi. Uliza unakaa chini saa ngapi.

Kusubiri kwa muda gani ndiko kuzuri?

Saa mbili hadi nne. Chini ya saa moja na nusu, ndege ya kwanza ikichelewa kidogo tu, unakimbia. Na kukimbia na mtoto mgongoni katika kiwanja usichokijua ni adhabu. Zaidi ya saa sita mwili unachoka kuliko ukiwa hewani.

Jumla, mlango kwa mlango, ni muda gani?

Nitatoa mfano wa mtu anayekaa Fuoni anayekwenda kwa mwanawe mashariki ya London wakati wa baridi, akipitia Addis Ababa. Saa hizi ni za mfano, si za ratiba ya shirika.

Anatoka nyumbani saa saba mchana, baada ya adhuhuri, na gari mbili za wasindikizaji. Ndege inaondoka saa kumi na moja jioni. Anatua Addis Ababa saa moja na nusu usiku. Anasubiri hadi saa saba usiku. Anakaa hewani kwa muda wa saa saba na dakika 45, na anatua Heathrow saa mbili na dakika 45 asubuhi kwa saa zetu. Huko bado ni saa kumi na moja na dakika 45 alfajiri, giza totoro. Pasipoti na masanduku: saa moja na nusu. Treni hadi upande wa pili wa mji na mwendo wa miguu wa mwisho: saa moja na nusu nyengine. Anapogonga mlango, Unguja ni saa sita kasorobo mchana.

Hesabu: karibu saa 23. Hewani alikaa saa 10 na robo tu. Zaidi ya nusu ya safari yake ilikuwa ardhini. Kwa hiyo mtoto anapomwambia mama yake kwa simu, "Mama, ni saa kumi tu," anamdanganya bila kukusudia. Mwambie ni usiku mmoja na siku nzima, ajiandae, achukue dawa zake za presha kwenye mkoba wa mkononi.

Natoka Pemba. Niongeze nini?

Siku nzima. Nasema hivyo nikiwa najua kwamba kwa ndege, kutoka Kiwanja cha Karume pale Chake Chake hadi Unguja ni kilomita 125 tu, nusu saa hewani. Lakini ndege hizo ni ndogo, uzito wa mizigo ni mdogo, na masanduku mawili ya safari ya London hayataingia bila mazungumzo. Wengi hushuka na boti kutoka Mkoani au Wete hadi bandari ya Malindi, Unguja. Na bahari ya Nungwi wakati wa kusi kila Mpemba anaijua. Boti ikizuiwa kwa upepo, ndege ya London haitakungoja.

Lala Unguja usiku mmoja kabla. Ndugu hawakosekani Mpendae au Magomeni, na mtu aliyelala vizuri husafiri vizuri.

Je, niende kupandia Dar es Salaam?

Ukipata nafuu kubwa ya bei, ndiyo. Boti ni saa mbili hivi, kisha foleni za magari za Dar hadi kiwanjani. Tenga nusu siku. Kama nafuu yenyewe ni ndogo, gharama ya boti, teksi na chakula itaimaliza.

Niwe kiwanjani saa ngapi?

Saa tatu kabla ya kuondoka. Kaunta za mizigo kwa kawaida hufungwa saa moja kabla, na zikifungwa zimefungwa. Kutoka mjini ni kilomita sita hivi. Hata daladala la 505 litakufikisha, lakini si na masanduku. Safari za nje hutumia Jengo la Tatu. Dua na kuagana malizieni nyumbani. Nimewaona watu wakiitwa majina huku bado wameshikana na bibi zao nje ya mlango wa kioo.

Tiketi imeandikwa 03:25. Ni saa ngapi hiyo?

Ni saa tisa na dakika 25 usiku. Hili ndilo swali nilipendalo kuliko yote, na ndilo linaloponya watu wengi.

Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza na linapozama. Tiketi inahesabu kuanzia katikati ya usiku, hadi 24. Kati ya hesabu hizo mbili kuna sita. Namba ya tiketi ikiwa chini ya 6, ongeza 6: kwa hiyo 03:25 inakuwa tisa na dakika 25, na 00:40 inakuwa sita na dakika 40. Ikiwa 6 au zaidi, toa 6: kwa hiyo 17:15 ni saa kumi na moja na robo jioni (ikibaki 0, ni saa kumi na mbili asubuhi). Na ukitoa 6 ikabaki 13 au zaidi, toa 12 tena: 20:40 unatoa 6 unapata 14 na dakika 40, unatoa 12, ni saa mbili na dakika 40 usiku.

Kinachowakwaza vijana ni kuchanganya. Simu yao inasema 03:25, ulimi wao unasema "saa tatu na dakika ishirini na tano", na mama anayesikia anajua saa tatu ni asubuhi au usiku baada ya isha. Kuanzia hapo kila mtu nyumbani ana safari yake. Mimi huiandika saa ya Kiswahili kwa kalamu nyekundu juu ya tiketi, kwa maneno, pamoja na neno "usiku" au "mchana".

Hesabu yetu si ya ajabu wala si ya kizamani. Waethiopia nao huhesabu hivi hivi, ingawa kwenye mbao za kiwanja chao utaona saa 24. Inatufaa kwa sababu tuko nyuzi sita tu kusini ya ikweta na jua letu halichezi: mwaka mzima huchomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili. London haiwezekani. Disemba jua linachomoza saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi. Juni linazama saa tatu na dakika 20 usiku.

Tiketi inasema Ijumaa saa 03:25. Niende kiwanjani Ijumaa usiku?

Hapana! Nenda Alhamisi usiku.

Hili lilinipata nyumbani kabla sijaanza kazi hii. Mdogo wangu alikuwa anaondoka kwenda kusoma, tiketi ikasema Ijumaa, 03:25. Sote vijana tukaelewa kwamba Ijumaa mchana ataswali msikitini na wenzake, jioni tutamfanyia dua, kisha usiku tumpeleke. Bibi yetu alikuwa ameketi kwenye jamvi akichambua mchele. Akauliza, "Hiyo usiku wa Ijumaa, au usiku wa Jumamosi?" Tukamjibu, "Ijumaa, bibi, imeandikwa hapa." Akasema, "Basi ni leo." Ilikuwa Alhamisi alasiri. Tukadhani hakuelewa.

Yeye alikuwa sahihi, na sisi wote tuliosoma tulikuwa tumekosea. Kwa wazee wetu usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia Alhamisi jua likizama, ndio usiku watu wanaosoma Yasini. Saa tisa na dakika 25 ya usiku huo ndiyo 03:25 ya Ijumaa kwenye tiketi. Tulipofika kiwanjani usiku uliofuata, ndege ilikuwa imeondoka karibu saa ishirini na nne zilizopita. Tiketi ya pili ilinunuliwa kwa fedha iliyokuwa ya kuezekea nyumba. Ule mchele bibi alikuwa anauchambua kwa ajili ya pilau ya kuagana.

Kwa hiyo safari yoyote ya kati ya 00:00 na 06:00, wahesabie kama bibi: ni usiku unaotangulia siku hiyo. Lakini jihadhari upande wa pili. Ndege ya Alhamisi saa 23:10 kwa bibi ni usiku wa Ijumaa, na kwenye tiketi bado ni Alhamisi. Zote mbili unakwenda kiwanjani Alhamisi jioni. Ukiwa na shaka, mwombe aliyekukatia tiketi akuandikie: "Toka nyumbani Alhamisi, saa fulani." Usikubali kuondoka bila sentensi hiyo.

Saa za London na zetu zinapishana kwa kiasi gani?

Tatu wakati wa baridi, mbili wakati wa joto. Sisi hatubadilishi saa kamwe. Wao husogeza mbele saa moja Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo ukipiga simu saa mbili usiku, mwanao huko ni saa kumi na moja jioni Januari, na saa kumi na mbili jioni Julai.

Jambo la kukumbuka: saa ya kuondoka iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya mji unaoondoka, na ya kufika ni ya mji unaofika. Mtu anaona, wakati wa baridi, kuondoka Nairobi 23:30, kufika London 05:30, anasema ni saa sita tu. Ni tisa. Tatu zimefichwa ndani ya tofauti ya saa.

Kwa mwili, saa mbili au tatu si nyingi. Uchovu utakaousikia ni wa kukosa usingizi, zaidi kuliko wa kuvuka saa.

Mbona kurudi ni haraka zaidi kuliko kwenda?

Kwa sababu ya upepo wa juu. Juu ya Afrika ya kaskazini na Bahari ya Kati kuna mkondo wa hewa wenye nguvu unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda London unapanda nao kifua kwa kifua, ukirudi unakusukuma kidogo ubavuni na mgongoni. Nafuu yake ni kama nusu saa. Haifiki tofauti wanayoiona wanaovuka Atlantiki, kwa sababu safari yetu zaidi ni ya kusini na kaskazini.

Nikisafiri Ramadhani, nifuturu kwa saa ya wapi?

Msafiri ana ruhusa ya kula na kulipa, hilo analijua kila mtu. Anayependa kufunga, maelezo niliyoyasikia kwa mashekhe ni kwamba unalifuata jua unaloliona wewe hapo ulipo, si saa ya Unguja wala ya London. Na ukiwa kilomita 11 juu unaliona jua kwa dakika kumi na zaidi baada ya waliopo chini yako kuwa wameshafuturu, kwa sababu upeo wako umeshuka. Ukielekea magharibi linachelewa zaidi. Tazama dirishani, au muulize mhudumu. Tende tatu kwenye mkoba ziwepo. Kwa undani wa hukumu, na wa kuunganisha sala, muulize shekhe wako kabla ya safari.

Zamani watu walikwenda London kwa siku ngapi?

Kwa wiki. Sayyid Barghash, sultani wa Unguja, alipoizuru Uingereza mwaka 1875 alikwenda kwa meli ya moshi, akapitia Bahari ya Shamu na Mfereji wa Suez, uliokuwa umefunguliwa miaka sita tu nyuma, 1869. Kabla ya mfereji, chombo kiliizunguka Afrika nzima. Al-Sultanah, jahazi ya Sayyid Said iliyoongozwa na Ahmad bin Naaman, iliondoka Unguja Februari 1840 ikafika New York tarehe 30 Aprili mwaka huo huo. Na kwa majahazi ya kawaida hukuchagua siku: ulingoja kaskazi iwalete watu wa Maskati, na kusi iwarudishe.

Nikiikosa ndege ya pili, nani analipa?

Inategemea tiketi yako. Kama safari nzima iko kwenye tiketi moja na ndege ya kwanza ndiyo iliyochelewa, ni juu ya shirika kukutafutia nafasi nyengine. Kama ulikata tiketi mbili mbalimbali ili kuokoa fedha, hasara ni yako, na masanduku huenda ukayachukua na kuyakabidhi upya katikati ya njia, jambo ambalo mara nyengine linahitaji viza ya nchi hiyo. Kwa mtu anayesafiri mara ya kwanza sikati tiketi mbili, hata akinisihi.

Tuliobaki nyumbani tutajuaje amefika?

Ziko programu za simu zinazoonesha ndege ikienda, kama Flightradar24. Andika namba ya ndege, si jina la abiria. Kuna bibi mmoja wa Jang'ombe ambaye mjukuu wake alimwekea hiyo. Akakaa nayo barazani tangu alfajiri, simu imeegemezwa kwenye birika, akitazama kile kialama cha njano kikitambaa juu ya bahari, na kila jirani aliyepita akamwambia, "Yupo Italia sasa." Juu ya jangwa kialama kilipotea kwa muda na akaanza kulia. Kwa hiyo mjue: kialama kikipotea, mara nyingi ni kwamba hapo chini hakuna mtambo wa kupokea ishara. Ndege ipo, na kialama hurudi.

Na kikisimama Heathrow, msianze kupiga simu. Abiria ana foleni ya pasipoti, kisha masanduku, kisha atafute intaneti. Ngojeni saa moja na nusu, atapiga mwenyewe.